Mikanda Niliyoishona Mwenyewe

Mwembesongo, Morogoro

Dada yangu Filomena,

Shikamoo. Barua hii ikufikie ukiwa mzima, wewe na shemeji Joseph na watoto, na kile kikohozi cha baridi kiwe kimekuachia. Joyce wa mboga ameniambia mvua za Nyandira zimekuja kwa wakati mwaka huu na njegere zimebeba vizuri, nikafurahi. Nasema nimefurahi kwa sababu najua ndivyo inavyotakiwa. Ukiuliza hali yangu, nakula, nalala, nafanya kazi. Hakuna kinachoniuma.

Karakana tumeshikwa na kazi. Kuna nyumba ya wageni imefunguliwa karibu na stendi ya mabasi ya Msamvu, wametuletea makochi yao yote tuyabadilishe vitambaa, na Fundi Sufiani ameniachia mimi ile cherehani nzito ya kushonea ngozi. Nakaa nayo tangu asubuhi. Mama Shadia, jirani yangu, anakusalimu. Tangu Godlisten aondoke ananiletea uji hata nikimwambia nimeshakunywa chai. Anaweka kikombe mezani, anatazama mikono yangu, anaguna kidogo, anaondoka.

Dada, ningeweza kupiga simu, lakini simu yako hupokelewa na watoto, na haya ninayotaka kukuambia sina mdomo wa kuyasemea. Joyce akishusha mboga zake sokoni nitampa bahasha hii, akupe mkononi. Nakuomba uisome ukiwa peke yako. Unaweza kukasirika. Soma mpaka mwisho kwanza, ndipo ukasirike.

Nianze na siku mliyoshuka wewe na Mjomba Bonifasi. Ulikuwepo, sihitaji kukusimulia, ila nataka ujue mimi niliiona vipi nikiwa upande wangu wa meza. Mjomba alikaa kwenye kochi la mlangoni, fimbo katikati ya magoti. Hakupandisha sauti. Alisema kwetu mtoto wa dada ni wa mjomba, hata akiolewa na mtu wa Kilimanjaro, hata akiishi mjini, na kwamba kwenye misa ya mwaka ya mama, nilipokunja mikono ya gauni kuosha masufuria, dada yangu aliona alama kwenye vifundo vya mikono yangu, zimezunguka kama bangili. Akamgeukia Godlisten. Akamwuliza, "Baba, hizo alama ni zako?"

Godlisten akajibu, "Ni zangu, Mjomba."

Mjomba akanigeukia mimi, akaniuliza kama mwanamume huyu huwa ananipiga. Wewe ulikuwa unanitazama, Dada, macho yako yamejaa maji, na mimi nilikuwa natazama kifuniko cha bakuli la sukari. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Mjomba akachukua ule ukimya kuwa jibu, na mtu yeyote angeuchukua hivyo. Akaamuru Godlisten atoke kwenye nyumba hadi atakapoleta wazee wa kwao tukae nao. Godlisten akaingia chumbani, akatoka na begi la kazini, akakuambia, "Shemeji, kwaheri." Wewe ukageuza uso. Mimi nilimtazama akivuka uwanja nikaona kama ni mume wa mtu mwingine anahama nyumba ya mtu mwingine. Halafu nikainuka nikakuandalieni chakula, na ulisema ugali ulikuwa mzuri.

Yuko Kingolwira, kwa kaka yake Yohana, yule wa reli. Kazini kwenye mitambo anakwenda kama kawaida. Jumamosi iliyopita nilimfuata. Nilimkuta barazani anatengeneza pampu ya maji, amekonda shingo. Watoto wa Yohana, wale mabinti wawili, walikuja kukaa karibu naye wamwangalie anavyofungua nati, na mara hiyohiyo mama yao Janeth akawaita ndani. Wakatoka tena, akawaita tena. Godlisten hakuinua macho kutoka kwenye pampu. Aliniambia, "Umesikia? Ndiyo hivyo kila siku. Nilidhani ni neno tu, nitalibeba litapita. Kumbe neno hili lina miguu, limenitangulia huku kabla sijafika."

Nikamwomba turudi nyumbani. Akasema atarudi, lakini si kwa kuingia kama mwizi. Neno la kupiga, watu waliloliweka, waje waliondoe haohao. Hakulisema kwa hasira. Alilisema huku anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

Kwa hiyo nakuandikia. Godlisten hajawahi kunipiga, Dada. Hajawahi kuniinulia hata sauti ya kunitisha. Alama ulizoziona zilikuwa za pingu, na pingu zile tulikuwa tumeziagiza wote wawili, na mimi ndiye niliyenyoosha mikono.

Najua hapo umeiweka barua chini. Ichukue tena.

Unakumbuka mama alivyougulia kwangu. Miezi yote ile mikono yangu haikupumzika. Kumgeuza, kumwosha, kumlisha uji kwa kijiko, kufua mashuka, kukimbilia dawa, kurudi kumgeuza tena. Alipofariki, mikono haikupata habari. Msibani niliwagawia watu chai, nikahesabu sahani, nikatafuta maturubai. Wewe ulilia hadi ukashikwa, na jioni ulinisema mbele ya shangazi kwamba nina moyo wa jiwe, mama yetu ameingia kaburini sijatoa hata chozi. Sikukasirika. Nilijichungulia ndani nikaona ni kweli, hakuna kitu. Baada ya matanga hali ikawa hiyohiyo. Chakula hakina ladha. Siku moja nilimwagikiwa na maji ya chai mkononi, nikaona ngozi inabadilika rangi kabla sijasikia moto. Usiku na mchana nilikuwa nasugua vitu. Nyumba ilikuwa safi kama haikaliwi.

Jumapili moja baada ya ibada, Godlisten alinikuta nasugua sufuria ambayo haikuwa na uchafu wowote. Akaniita, sikusikia. Akanishika mikono yote miwili kwa nyuma, si kwa nguvu ya ugomvi, kwa nguvu ya kusimamisha, akasema, "Acha. Acha kidogo." Nikajaribu kuendelea, nikashindwa, kwa sababu mikono ilikuwa imeshikwa. Na hapo, Dada, kitu fulani kifuani kililegea. Nilivuta pumzi ikaenda hadi chini. Aliponiachia nikamwambia anishike tena. Alidhani natania.

Sikumwambia mara moja kwamba natamani kufungwa mikono. Ilichukua muda, na nilipomwambia aliinuka akaenda kukaa nje. Aliporudi alisema yeye hakuoa mfungwa. Nikamwambia mfungwa haombi. Siku nyingi hatukuligusa tena. Halafu yeye mwenyewe akaja na masharti: kwamba tutaongea kwanza mchana, tukiwa tumevaa nguo zetu, tunywe chai, tuseme nini kiwepo na nini kisiwepo, kwamba shingo haiguswi kabisa, kwamba hataniacha peke yangu chumbani hata mtu akigonga hodi, na kwamba kuwe na neno moja nikilitamka kila kitu kinafunguliwa hapohapo, bila maswali. "Basi" lilikataliwa, kwa sababu mtu husema basi kwa kila jambo. Tukachagua Msamvu. Alisema pale ndipo kila mtu anashuka. Nadhani nilicheka. Yeye anasema nilicheka.

Halafu ukaja mtihani wa nini cha kufungia, na huo ndio uliotufikisha huku. Tulianza na kanga kwa kuwa ilikuwepo. Kanga ni laini lakini fundo lake ukilivuta linazidi kukaza, na Godlisten alihangaika kulifungua mpaka akatumia meno. Akasema kitu kisichofunguka haraka hakifai, hata kiwe cha hariri. Akaleta kipande cha kamba ya katani, akaipitisha kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, akaitupa. Nyuzi zake zinachoma kama upupu. Kamba ya manila tuliijaribu mara moja. Inateleza, halafu inazama kwenye ngozi, na vidole vyangu vikaanza kufa ganzi, ile ganzi ya damu. Nikatamka Msamvu. Akafungua kabla sijamaliza neno, akakaa ananisugua vidole vyote, anauliza, "Kimerudi hiki? Na hiki?" Tangu siku hiyo mkasi wangu wa kazini ukawa unakaa dirishani, karibu na mkono wake.

Alileta na bandeji. Hizo nilizikataa hata hajafungua pakiti. Zilikuwa kama zile wauguzi walizomfungia mama mkono kitandani, asing'oe sindano ya dripu. Ulikuwa umerudi Nyandira siku hiyo, hukumwona. Mama hakuulizwa. Alikuwa anatazama ule mkono kama si wake. Mimi nilikuwa naulizwa kila mara, hata mara nyingine nikachoka kuulizwa. Nilimwambia Godlisten sababu, akazichukua zile bandeji akaenda kuziweka kazini kwenye sanduku la huduma ya kwanza.

Ndipo akaona kwenye simu mtu wa Dar es Salaam anayeuza pingu zenye manyoya, zimepigwa picha vizuri juu ya kitambaa chekundu. Zilikuja kwa basi. Alipokwenda kuzichukua Msamvu, yule wa mizigo aliutikisa mfuko akauliza kuna nini, Godlisten akasema vipuri. Manyoya yalikuwa yamebandikwa tu, ndani ni bati lenye ukingo. Ufunguo wake ni mwembamba kama pini. Tulizijaribu siku chache kabla ya misa ya mama. Zilibana vizuri, zikakataa kufunguka. Ufunguo ukajipinda ndani ya tundu. Kadiri alivyouzungusha ndivyo zilivyojisukuma jino moja zaidi. Mimi nilikuwa nimetulia, nasema tu pole pole, kama naongea na mgonjwa. Yeye akaacha ufunguo. Alinivalisha shuka, akanisogeza hadi kwenye meza yake ya vifaa, akakata kwa msumeno wa chuma, amewekea kipande cha ngozi ya kochi chini ya bati ili meno ya msumeno yasinifikie. Zilipoachia alikwenda kutapika uani. Alizizika zile pingu nyuma ya choo, akaapa hatutarudia, hata kwa kanga.

Hizo ndizo alama ulizoziona. Uliniuliza pale kwenye masufuria, kwa sauti ya chini, "Anakufunga?" Nikanyamaza kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo, na ndiyo yangu na ndiyo yako hazikuwa neno moja.

Baada ya misa nilikaa nikafikiri. Nikajiambia, mimi kazi yangu ni hii. Nashona vitu vinavyobeba uzito wa watu wazima kila siku bila kuwachubua. Nikachukua mkanda mpana wa begi, ule usiovutika, nikauzungushia sponji nyembamba, ndani nikaweka mahameli ya mabaki ya makochi, nje ngozi. Kufungia nilifikiria bizimu kama ya mkanda wa suruali, nikaiacha. Inataka mikono miwili na jicho. Nikaweka ile mikanda ya kunata ya viatu vya watoto, safu mbili, nikihakikisha naweza kuibandua mwenyewe kwa meno nikitaka. Ukingo nilipinda mara mbili usikwaruze. Fundi Sufiani aliniuliza nashona nini, nikamwambia ni vitu vya nyumbani, akaendelea na misumari yake.

Nilipovipeleka nyumbani Godlisten hakutaka hata kuvishika. Nikaviacha mezani. Siku iliyofuata nilimkuta amevivaa yeye, amekaa navyo kwenye kiti mpaka chai yake imepoa, anavuta, anageuza, anapima kama vidole viwili vinapita kati ya mkanda na mkono. Akaibandua kwa meno. Akasema, "Hivi vinafaa." Kisha akaniuliza mara ya mwisho kama ni mimi ninayetaka au ni huzuni inayotaka. Nikamwambia sijui kuvitenganisha. Akasema hilo ni jibu la kweli, tutakwenda taratibu.

Ilikuwa mchana, mvua imeshuka kutoka milimani, bati linapiga kelele. Sitakuandikia ya ndani ya ndoa, wewe ni mtu mzima. Nitakuandikia hili tu. Mikono yangu ilikuwa imeshikwa na haikuwa na kazi yoyote ya kufanya. Hakuna wa kumgeuza. Hakuna sahani. Godlisten amekaa pembeni, kiganja chake juu ya changu, anauliza vidole kama vipo. Na nikaanza kumlilia mama. Nililia kwa sauti, Dada, kama wewe ulivyolia kaburini, nikamwita kwa jina lake la utotoni. Godlisten alitaka kufungua, nikamwambia bado. Nililia hadi nikasinzia, na nilipoamka mikanda ilikuwa imeshatolewa na yeye bado yuko palepale.

Siku chache baadaye mkaja. Mlikuja kwa ajili ya alama ambazo zilikuwa zimekwisha kufutika. Aliposikia mko njiani, Godlisten aliniketisha akaniambia nisiseme kitu. Alisema, "Ukisema kweli watasema umerogwa au una wazimu, watakupeleka kuombewa, watakuzungusha kwa watu. Mimi wakiniita mpigaji, wanaume wengi wanaitwa hivyo, nitavumilia." Nilikubali. Na baada ya ninyi kumwondoa, ile ganzi ilirudi ikakaa mahali pake kama haijawahi kutoka. Ndivyo ninavyokuandikia sasa. Mkono unaandika, mimi nautazama unavyoandika.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo gumu. Ningeweza kuishia pale kwenye kilio, nawe ungenionea huruma, ungesema maskini mdogo wangu, ilikuwa dawa ya msiba, sasa mama amekwisha kuliliwa, vitupeni hivyo vitu, yaishe. Hata Mjomba huenda angelielewa hilo. Nililiandika hivyo kwanza, nikachana karatasi. Si kweli yote. Nilipenda, Dada. Kabla ya kulia nilipenda, na baada ya kulia nilipenda, na siku ambazo simfikirii mama kabisa bado natamani. Nadhani hata mama angekuwa hai ningetamani, ningekaa nalo tu bila kulijua jina. Mimi si mgonjwa wa jambo hili. Nina ugonjwa mwingine, ule wa kutosikia kitu moyoni, na huo Mjomba hakunishukia kwa ajili yake. Godlisten aliogopa, akajifunza, kwa sababu ni mimi niliyeomba. Leo anaitwa mnyama kwa upole wake. Sitaki abebe jina hilo ili mimi nibaki na sura nzuri mbele ya ukoo.

Kwa hiyo nakuomba uende kwa Mjomba Bonifasi. Usimsomee barua. Mwambie umeongea nami, na nimekuapia kwa kaburi la mama kwamba mume wangu hajanipiga hata siku moja. Mwambie mtu wa kulifuta neno lile ni yeye, kwa kinywa chake, mbele ya Yohana na Janeth, ili wale mabinti waachwe wakae barazani. Ukishindwa kwenda, nijulishe kupitia kwa Joyce, nitapanda mwenyewe Nyandira na nitamwambia yote uso kwa uso, na atakachoamua nitakisikia nikiwa nimesimama na Godlisten. Kama wewe utanichukia, Dada, chukia kimya kimya, lakini hilo la kwanza nifanyie.

Msalimie shemeji Joseph, na watoto wote, na Shangazi Magreth ukimwona kanisani. Mwambie ile mito ya viti aliyoniomba iko tayari, Joyce ataipandisha. Mungu akuweke.

Na Mjomba akikukazania, akikuuliza alama zile basi zilitoka wapi, na ni nani aliyeanza mambo hayo kwenye nyumba ile, usimfiche. Mwambie ni Yustina.

Ni mimi mdogo wako,
Yustina